Tumbusi na heroe: nani yuko hatarini zaidi?

Ukifuata Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka, jibu ni jepesi. Tangu 2015 tumbusi mgongo-mweupe yumo katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Heroe mdogo, ambaye wengi humwita flamingo, yuko madaraja matatu nyuma yake. Ndiyo maana wapo wanaotaka fedha na nguvu ziende kwa tumbusi kwanza.

Nawaelewa. Tumbusi anamalizwa na sumu, na sumu haiui mmoja mmoja. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba hutia dawa ya wadudu kwenye mzoga. Simba huenda asirudi, lakini tumbusi mmoja akishuka, wenzake walio angani humwona na kumfuata. Majangili nao hutia sumu mizoga ya tembo kwa makusudi, kwa kuwa tumbusi wanaozunguka juu huwaonyesha askari wa wanyamapori tembo alipouawa. Mwaka 2019 nchini Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliua tumbusi 537; kati yao 468 walikuwa hawa wa mgongo mweupe. Na jike hutaga yai moja tu kwa msimu.

Heroe ananitia hofu ya namna nyingine. Afrika Mashariki wako zaidi ya milioni moja, na wakijaa Ziwa Bogoria, Kenya, ufuko mzima hugeuka waridi. Wingi huo unatupumbaza, kwa sababu karibu wote huzaliana Ziwa Natron, Tanzania. Huko magadi yanayochoma ngozi huwazuia fisi na mbweha kufikia viota, vichuguu vifupi vya matope vyenye kishimo juu na yai moja ndani. Maji yakipanda, viota huzama. Yakikauka, fisi hutembea hadi vilipo. Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapo ulipingwa vikali, na Tata Chemicals ya India ikajiondoa mwaka 2008.

Kwa hiyo sikubali ndege hawa wapangwe foleni. Tumbusi anadai kazi ya kila siku kwa mfugaji mmoja mmoja: mazizi imara ya usiku, fidia isiyochelewa, sumu kali zisiuzwe ovyo. Heroe anadai uamuzi mmoja, mgumu kisiasa: ziwa hilo lisiguswe, wala mito inayolilisha, hasa Ewaso Ng'iro ya Kusini inayotokea Kenya. Tukisubiri mpaka naye apandishwe daraja, Natron itakuwa imeshaharibika, na heroe wa ukanda huu hawana ziwa jingine la kulelea makinda kwa wingi huo.