Theluji Ikichelewa, Mizizi Hulipa

Utafiti wa misitu ya nchi za baridi unaofunga vipimo Novemba na kuvifungua Aprili unakosa nusu ya habari. Miti ndiyo hulala, udongo haulali. Hata chini kidogo ya nyuzi 0 za sentigredi, bakteria na kuvu huendelea kuozesha majani makavu ndani ya utando mwembamba wa maji yasiyoganda. Naitrojeni inayotoka hapo haina mti wa kuinywa, na theluji inapoyeyuka, sehemu yake huondoka na maji.

Anayeamua ni theluji. Hewa iliyonaswa ndani yake huhifadhi joto kama sufi ya mto. Ikifika sentimita 30 au 40 kabla ya baridi kali, udongo hukaa karibu na nyuzi 0 hata hewa ikishuka hadi -20. Ikichelewa, udongo huganda. Kwa hiyo majira ya baridi yenye hewa vuguvugu, theluji ikichelewa, yanaweza kuleta udongo baridi zaidi!

Huko Hubbard Brook, msitu wa utafiti ulioko New Hampshire, Marekani, msimu wa 1997–98 watafiti walianza kuondoa theluji kwa koleo mwanzoni mwa baridi, kwenye viwanja vya mita 10 kwa 10. Joto la udongo lilishuka chini ya -5 kwa nadra. Hata hivyo mizizi midogo ilikufa, na naitreti (naitrojeni ya namna inayoyeyuka majini) iliyosombwa na maji ikaongezeka, hasa chini ya miti iitwayo mimepo ya sukari (sugar maple). Vijidudu havikuwa vimetengeneza naitreti zaidi; wanywaji wake, yaani mizizi, ndio walipungua. Udongo uliochimbwa ukatiwa kwenye friza la -20 hauwezi kukuonyesha hilo, maana mizizi yake imeshakatwa wakati wa kuchimba, na baridi yenyewe imezidi ya msituni.

Basi vipima joto vifukiwe Septemba, kwenye kina cha sentimita 5, 10 na 30, vikichomekwa ubavuni mwa shimo. Ukivichomeka kutoka juu, maji hufuata waya na kuharibu kipimo. Usikanyage kiwanja: theluji iliyoshindiliwa hupoteza hewa, nawe utakuwa unapima nyayo zako. Unapoiondoa kwa koleo, acha sentimita chache zikinge majani makavu, la sivyo jua litapasha udongo mweusi. Na chupa za kukusanyia maji ya udongo ziwe tayari kabla theluji haijaanza kuyeyuka, kwa sababu naitreti nyingi hupita siku zile za mwanzo.