Uwanja Mbovu Si Silaha ya Mwenyeji

Kila Simba au Yanga wanapopangiwa kuja Tanga, maneno ni yale yale kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: "Waje tu, pichi yetu wataijua." Mechi ikiisha sare, maneno yanazidi. Pasi zao fupi zimekwama kwenye vipara, Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, timu yetu ya Tanga, wamekaza, pointi imebaki nyumbani. Furaha hiyo naielewa, maana mimi ni Coastal Union tangu utotoni. Lakini imani kwamba uwanja mbovu ni silaha ya mwenyeji inatumaliza, na inaniuma zaidi kwa sababu wanaoisema ni watu wanaoipenda Tanga kwa dhati.

Tuanze na hesabu. Ligi Kuu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za nyumbani. Simba na Yanga ni mechi mbili. Mechi 13 zilizobaki unakutana na timu ambazo unatakiwa uzifunge kwa mpira wako, na hapo pichi mbovu inakula pointi zako mwenyewe. Mgeni anakuja mara moja kwa msimu, anabutua dakika 90, anapanda basi lake. Mwenyeji anabaki pale pale, anafanya mazoezi juu ya vishimo vile vile, na wiki mbili baadaye anarudi kucheza hapo hapo. Nani kabanwa?

Naishi Leicester, mji wenye Wahindi wengi sana wenye asili ya Afrika Mashariki. Wikiendi namsaidia mzee mmoja anayetunza uwanja wa klabu ndogo ya kriketi. Mzee huyu kazaliwa Tanga. Kiswahili chake ni cha Ngamiani kabisa, kile cha mitaa ya Tanga mjini, na ukimpa shikamoo anaitikia marahaba huku bado kainamia nyasi zake.

Kwa wasioujua mchezo huo: karibu kila kitu kinategemea ukanda wa ardhi wa katikati, wenye urefu wa mita 20 na kidogo, kwa sababu kwa kawaida mpira unadunda hapo kabla ya kumfikia mpigaji. Ardhi ikipasuka, mpira unapinda au unabaki chini, na mpigaji hodari anaonekana hajui kushika gongo. Kwa hiyo mzee anaanza kuandaa ukanda zaidi ya wiki moja kabla ya mechi. Anaunywesha maji mpaka yazame, anapunguza nyasi kidogo kidogo, halafu anapitisha rola zito siku baada ya siku wakati udongo bado una unyevu kiasi. Kabla ya kulitoa rola anachomeka kisu kidogo ardhini, anakichomoa, anakipapasa kwa kidole gumba. Udongo ukiganda kwenye kisu, rola linabaki bandani. Kisu kikigoma kuingia, anatikisa kichwa, amechelewa. Nimemwona akikifanya kitendo hicho mara nyingi na hajawahi kukifanya kwa haraka.

Kanda ziko kadhaa, zimepangana. Leo unachezewa huu, zile nyingine zinapumzika. Vijana wakimwomba wafanyie mazoezi kwenye ukanda wa Jumamosi, anawajibu kwa upole kabisa kwamba haiwezekani, na hakuna anayebishana naye, hata mwenyekiti wa klabu.

Msidhani ni klabu ya matajiri. Banda ni la mabati, rola ni la zamani kuliko mimi, fedha ni ada za wanachama na chai na keki zinazouzwa siku za mechi. Tena Uingereza si peponi. Viwanja vingi vya soka vya halmashauri vimechoka, na majira ya baridi vinajaa maji hadi wikiendi nzima inapita bila mpira. Ila uwanja ukijaa maji, mechi inaahirishwa. Sijamsikia mtu akisema wageni waingizwe humo humo wakateseke.

Wakubwa wa kriketi nao walijaribu njia hii ya kutegea wageni, na yaliyowapata yanatuhusu. India walikuwa hawajapoteza mfululizo wa mechi za Test, zile ndefu za hadi siku tano, nyumbani tangu mwishoni mwa 2012, mifululizo 18 wameshinda yote. Mwaka 2024 New Zealand wakaja. Mechi ya kwanza, Bengaluru, hali ya hewa ilikuwa ya mvua na mawingu, India wakatolewa wote kwa mikimbio 46 tu, yaani alama 46. Wakaenda Pune, ukanda mkavu, wa kuwafaa warushaji wa mpira unaozunguka, ambao India wanao tele tangu zamani. Aliyefaidi ni mgeni: Mitchell Santner, wiketi 13 katika mechi moja, yaani aliwatoa wapigaji mara 13. Mumbai ikawa vilevile. India walihitaji mikimbio 147 kushinda, wakaishia 121, na aliyewamaliza kwa wiketi 11 ni Ajaz Patel, mzaliwa wa Mumbai hiyo hiyo anayeichezea New Zealand. Tatu bila, nyumbani kwao.

Tulilizungumza hilo na mzee tukiwa tunafagia. Maelezo yake yalikuwa mafupi: ukanda ukiharibika sana, kipaji kinapungua thamani na bahati inapanda bei. Mrushaji wa kawaida anakuwa hatari, mpigaji bora anakuwa wa kawaida. Mwenye wachezaji bora kwenye ardhi nzuri ndiye anayepoteza zaidi. Sasa mtu wa Tanga ataniambia, "Basi sisi dhidi ya Simba ndio wadogo, bahati ikipanda bei tunafaidi." Ni kweli, kwa mechi mbili. Na hizo 13?

Kuna jambo linanigusa kuliko pointi. Nilipokuwa likizo nyumbani nilikwenda kutazama vijana wakicheza kwenye uwanja mmoja wa mtaani, saa kumi jioni, siku moja baada ya mvua. Mbele ya lango moja palikuwa na dimbwi, sehemu nyingine ni udongo mtupu uliokauka na alama za viatu. Nikamwangalia kiungo wao, kijana wa miaka kama 15 hivi, miguu yake ina akili. Kila alipopigiwa pasi aliutazama mpira mpaka ukamfika mguuni, kwa sababu hajui utadundia wapi. Akishautuliza ndipo anainua kichwa, na winga aliyekuwa peke yake kwa sekunde mbili zilizopita tayari keshabanwa. Kijana anaishia kurudisha nyuma au kubutua. Kocha anampigia kelele, "Angalia mbele!" Ataangalia vipi mbele wakati ardhi inamlazimisha kutazama chini? Mwenzake wa umri ule kwenye nyasi zilizolala anajifunza kuuona uwanja kabla mpira haujamfika. Hiyo tofauti haizibwi na mazoezi ya kukimbia ufukweni Raskazone.

Najua nitatajiwa Bakari Mwamnyeto, aliyetoka Coastal akaenda Yanga. Nitatajiwa Abdul Sopu, aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 2022 pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, mechi iliyoisha 3-3 tukatolewa kwa penalti. Najivunia wote wawili. Lakini hao ndio waliopenya. Walioishia na goti lililovunjika hawana picha magazetini, wako vijiweni na kwenye bodaboda, na kila mtu wa Tanga anawajua wawili watatu.

Halafu kuna suala la kucheza nyumbani lenyewe. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa klabu iliyochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, hiyo ilikuwa sikukuu. Tukafungwa 3-0 na Bravos do Maquis kule Angola, na mechi ya marudiano, ambayo ingekuwa yetu, ikachezwa Dar es Salaam. Bila bila. Fikiria jioni ile kama ingekuwa Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, barabara za Ngamiani zimefurika tangu mchana! Badala yake wapenzi wetu walitakiwa kusafiri kilomita zaidi ya 300 ili waitazame timu yao ikiwa "nyumbani". Timu isiyo na uwanja unaokubalika haina nyumbani, hata iwe na mashabiki namna gani.

Sisemi pichi peke yake ndiyo iliyozishusha Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zote za Tanga, kutoka Ligi Kuu kwa mkupuo mwaka 2016. Uongozi na fedha vilikuwa na sehemu yao. Lakini pichi ni jambo tunaloweza kulirekebisha sisi wenyewe bila kusubiri mfadhili wa mabilioni.

Ukoka unaota Tanga bila kupandwa. Jamii hiyo hiyo ya nyasi ndiyo inayotumika kwenye viwanja vikubwa vya nchi za joto. Unapenda jua, unapenda kukatwa mfupi na mara kwa mara, na hautaki maji yatuame. Unachohitaji ni mashine ya kukatia inayofanya kazi, malori ya mchanga wa kusambaza baada ya masika na kufukia vishimo, uma wa kutoboa ardhi ili maji yashuke, na mtu mmoja anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo tu, si mlinzi aliyeongezewa kazi. Pia anahitaji mamlaka. Viwanja vyetu vya mikoani vinabeba ligi, bonanza, mkutano wa hadhara na tamasha ndani ya mwezi mmoja, mvua ikinyesha malori ya jukwaa yanapita juu ya nyasi. Mtunza uwanja akisema leo hapana, iwe hapana, kama mzee wangu wa Leicester.

Wapo wanaosema tuweke nyasi bandia kama viwanja vya Kaitaba, Bukoba, na Nyamagana, Mwanza. Sizipingi, ila nazo zinataka matunzo na siku moja zitachakaa zibadilishwe. Asiyeweza kutunza ukoka hataweza kutunza zulia.

Kundi letu la watu wa Tanga tulioko huku linachangisha fedha za jezi kwa timu za vijana. Jezi tumeshatuma, na zinafuliwa kwenye matope yale yale. Napendekeza mchango wa safari hii uende kwenye mashine moja ya kukatia nyasi, mchanga, na mshahara wa mtunza uwanja kwa mwaka wa kwanza, kwa uwanja mmoja tu wa vijana. Mimi wa kwangu nautenga kwa hilo kuanzia sasa. Aliyeko Tanga anayejua bei ya lori la mchanga kwa sasa, na fundi anayeweza kuzitengeneza mashine hizo zikiharibika, aniandikie.