Ndugu na nduli: ahadi ya TANU ilipofika mto Kagera

Mwanachama wa TANU, chama kilichoipatia Tanganyika uhuru, alikuwa na ahadi za kukariri, na ya kwanza ni hii: binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. CCM, chama kilichochukua nafasi ya TANU, ilipozaliwa Februari 1977 ikairithi. Haikupita miaka miwili majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yakavuka mpaka wa Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 1978. Yaliua raia, yakaswaga ng'ombe wa ranchi ya Kitengule, yakakomba kiwanda cha sukari, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera sasa ni ya Uganda. Aliyewahi kuitamka ile ahadi kwa dhati alikuwa na swali la haki kabisa: ndugu gani huyu?

Jibu likaja kwa neno moja: nduli, yaani katili muuaji. Waulize waliokuwa na akili zao mwaka ule, watakwambia redio ilivyolirudia mpaka likawa kama sehemu ya jina la mtu, nduli Amin. Wengi hulichukulia kama tusi la vita tu. Mimi naona lilifanya kazi kubwa zaidi ya tusi, kwa sababu lilimtoa mtu mmoja katika undugu na kuwaacha Waganda wote ndani. Vita haikuwa dhidi ya Uganda, ilikuwa dhidi ya Amin, na askari aliyepanda lori kwenda mstari wa mbele angeweza kwenda na bunduki yake na ahadi yake ya chama bila kuona kimoja kinamsuta kingine.

Wapo wanaosema haya ni mapambo. Mtu akiingia shambani kwako, akaua na kubeba mifugo, huhitaji Azimio la Arusha, lile tamko la ujamaa, ili ushike panga. Hoja hii ina uzito, na Mwalimu Nyerere mwenyewe anaipa nguvu. Alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam mwanzoni mwa Novemba 1978, maneno yaliyobaki vinywani mwa watu mpaka leo ni sababu, nia na uwezo: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Humo hamna ujamaa wala undugu. Ni hesabu ya mtu aliyeibiwa.

Tena ule uwezo haukutokana na hamasa peke yake. Ulikuwa na vyombo: mabalozi wa nyumba kumi, mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Katibu wa chama alijua nani yuko kijijini na nani ana ng'ombe wa kuchangia. Vyombo hivyo hivyo, miaka michache tu nyuma, ndivyo vilivyowahamisha watu kwa nguvu katika Operesheni Vijiji, wengine nyumba zao zikichomwa. Kwa hiyo anayesema taifa zima liliitika kwa moyo mmoja asisahau kwamba kusema "siendi" hakukuwa rahisi.

Hata hivyo hoja ya mapambo inakwama mpakani. Kutetea Kagera kunaelezwa na hasira. Kwenda Kampala je? Januari 1979 wanajeshi wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuivuka Mutukula, mji wa mpakani, na ardhi iliyovamiwa ilikuwa nyuma yao. Hapo ndipo misingi ya taifa ilipoanza kuvutana yenyewe kwa yenyewe. Upande mmoja kuna maneno ya Mwenge wa Uhuru, ambayo Nyerere aliyasema mwaka 1959, kabla hata ya uhuru: tutauwasha na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini. Nje ya mipaka yetu. Upande wa pili kuna azimio la Cairo la 1964, la nchi za Afrika kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na aliyelipigania pale alikuwa Nyerere huyo huyo. Amin alipodai Kagera, Cairo ilikuwa ngao yetu. Sisi tulipoingia Masaka, ndani ya Uganda, ikageuka kuwa shtaka.

Julai 1979, katika mkutano wa OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, huko Monrovia, wakubwa kama Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliisema Tanzania waziwazi. Utetezi wetu ulikuwa kwamba hizo ni vita mbili: ya kumtoa Amin Tanzania, na ya Waganda kumwondoa dikteta wao. Kwa kiasi ni kweli, maana Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana na walikutana Moshi kuunda serikali yao. Lakini tuseme lililo wazi: bila jeshi letu, JWTZ, Kampala isingeanguka tarehe 11 Aprili 1979. Na wanaotukosoa wana haki ya kukumbusha kwamba Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, alikaa kwetu tangu 1971, na kwamba wapiganaji wake walivuka kutokea ardhi yetu Septemba 1972. Mwenge ulikuwa na mkono ulioushika.

Nikilazimishwa kuchagua, nasema kuvuka kulikuwa sahihi. Siwezi kuona ni vipi ahadi ya undugu ingeishia kwenye daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, huku watu wakiuawa ng'ambo kama ilivyokuwa chini ya Amin.

Ila bili ililetwa hapa nyumbani. Vita inakadiriwa kugharimu dola milioni 500, na taifa likaambiwa lifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, watu bado wako kwenye foleni ya sabuni na sukari, wanakula ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Bei ya mafuta ilichangia, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 pia, na sera zetu wenyewe. Lakini kwa muda mrefu vita ilikuwa jibu la kila swali. Mwaka 1983 akapatikana adui mwingine wa jina moja, mhujumu uchumi. Wapo waliostahili. Wapo pia waliokamatwa kwa mifuko michache ya bidhaa ambayo wakati mwingine ingeitwa biashara.

Na Kampala? Chini ya Amin, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, raia akikisikia anatetemeka. Aprili ile wakaingia askari wengine wakizungumza Kiswahili hicho hicho, na wenyeji wakawaita bakombozi, yaani wakombozi. Wa mwisho waliondoka 1981. Wakati huo Obote alikuwa amekwisha kurudi Ikulu, na vita nyingine imeanza msituni Luweero.