Kitanzi cha Kenya kimelala tangu 1987

Jana barazani Old Town, Mombasa, Ami mmoja kasema hawa vijana wa mapanga wa Kisauni dawa yao ni kitanzi tu, watu wote wakaitikia. Mie sikumbishia, manake mtoto rika la mwanao akikutema panga kwa ajili ya simu ya elfu nane hutaki kuskia habari ya haki za binadamu. Akaongeza Qur'an yenyewe yasema katika kisasi mna uhai. Kweli, lakini aya iliyotangulia inawapa wafiwa nafasi ya kusamehe na kuchukua diya, yaani fidia ya damu, na sheria yetu ya wizi wa mabavu, kifungu 296(2), ukiiba mkiwa wawili tu ama una silaha ni kifo hata kama hakuna aliyekufa, na alieibiwa haulizwi.

Sa tazama Waingereza walotuletea kitanzi, hao hao walonyonga watu zaidi ya 1,000 wakati wa Mau Mau. Karne ya 18 kwao makosa ya kunyongewa yalipita 200, kuiba kitu cha shilingi 40 nyumbani kwa mtu ilikuwa kifo, basi wananchi waliokaa kuamua kesi wakiingiwa na huruma waandika mali ilikuwa ya shilingi 39! Beccaria, mwandishi wa sheria wa Italia, alishasema 1764 kuwa mwizi hatishwi na ukali wa adhabu, hutishwa na uhakika wa kuipata, na dola ya Toscana huko huko Italia wakaifuta adhabu ya kifo 1786.

Na sisi tuko pale pale kwenye shilingi 39. Hatujanyonga tangu 1987 ila mahakama zaendelea kuhukumu, halafu rais anakuja kubadilisha kuwa kifungo cha maisha, Kibaki 2009 zaidi ya 4,000, Uhuru 2016 watu 2,747. Mahakama ya Juu 2017 ikasema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo, 2021 ikafafanua hiyo ni kesi za mauaji peke yake. Yaani mwuaji ana pa kujitetea kuliko mwizi wa simu, haya maajabu gani?

Wanaotaka kitanzi kibaki wana hoja moja siwezi kuipuuza, kwamba mtu akiona serikali haimfanyi kitu mwizi basi mtaa utamchoma kwa mpira wa gari. Nikamuuliza Ami, wale waliomvamia shemejio mwaka jana wako wapi? Akasema walishikwa Ijumaa, Jumatatu kawaona kwa muuza miraa.