Shoga Yangu na Swali la Vitanda

Huu ni mwaka wa 13 naishi Toronto, na kila Waswahili tunapokutana hapa, iwe harusini au matangani, hakosi mtu wa kusema kwamba nyumbani wanaopenda wa jinsia yao hawasumbuliwi na mtu madhali wananyamaza. Wanaosema hivyo hawajui kuwa wananisema mimi niliyekaa nao meza moja. Kwa muda mrefu nilikubaliana nao nusunusu, kwa kuwa ushahidi wa maneno yao ninao mwenyewe.

Desemba 2023 nilikwenda Mombasa kumzika shangazi, nikakutana na mtu ambaye tulikuwa hatujasemezana tangu 2009. Tulikulia mtaa mmoja Kisauni, tukila sahani moja na kusukana nywele barazani, hadi siku mama yake alipozikuta barua zangu chini ya godoro, akampeleka kwa jamaa zao Malindi bila ya kumweleza yeyote sababu. Baada ya hitima aliniuliza, kana kwamba tuliagana jana, iwapo ningetaka kupanda gari lake hadi Nairobi, anakofanya kazi. Ni safari ya kilomita zinazokaribia 480. Hadi tunafika Mariakani, malori yalikojipanga kungojea mizani, tulikuwa tumezungumzia bei ya petroli tu. Tulipoipita Maungu alizima redio, akasema kuwa aliniandikia majibu matatu na yote akayachoma kwenye jiko la makaa la mama yake mdogo. Sikuwa na la kumjibu. Nilitazama tuta la reli na wekundu wa udongo wa Taita.

Giza lilituingilia Voi. Kijana wa mapokezi katika nyumba ya wageni hakuinua hata macho daftarini. "Dada zangu, kitanda kimoja kikubwa kitawatosha?" Tukamwambia kitatutosha.

Ushahidi wangu ndio huo. Kwetu pwani mwanamke humwita rafiki yake shoga mbele ya mama mkwe na hakuna anayegeuka, ilhali neno hilohilo akiitwa mwanamume ni tusi la kutoana damu. Chini ya kivuli chake wanawake wawili waweza kushikana mikono kutoka Mwembe Tayari hadi feri ya Likoni wasitupiwe jicho, jambo ambalo Toronto, pamoja na uhuru wake wote, huwa ni tangazo: ukimshika mwenzio mkono umeshajieleza kwa kila apitaye.

Lakini hiyo ni sitara, na sitara hutegemea hisani ya anayekutazama. Siku mama yake alipoinua godoro, hisani ilikwisha, na hapakuwa na mlango wa kubisha. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, tulichorithishwa na Waingereza, kinatishia kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono “iliyo kinyume cha maumbile”, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Wanasheria hubishana kama kinawahusu wanawake. Mwenye nyumba anayetaka kukutoa nje hawangojei wamalize. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliposema kuwa hata watu hawa wana haki ya kusajili chama chao, viongozi wa dini na wanasiasa walikuja juu kana kwamba majaji wamewafungisha watu ndoa. Kanada ndoa hizo zimeruhusiwa nchi nzima tangu Julai 2005, na daktari wangu huniuliza habari za mwenzangu kwa sauti ileile anayoniulizia shinikizo la damu. Mimi nachagua sheria, hata kama inanikosesha ule mkono wa Mwembe Tayari.

Ila sheria haiji harusini. Waswahili wa huku ni wachache, na picha iliyopigwa adhuhuri hufika Kisauni kwa WhatsApp kabla ya watu kulala. Ndiyo maana hadi leo namtambulisha mwenzangu kwa neno lilelile la shoga yangu, nikishukuru kwamba lugha imeniachia pa kujificha, na nikiona haya kidogo kwa kushukuru.

Agosti 2024 yule wa safari ya Voi alipata viza, akaja. Tuliishika barabara ya 401 kuelekea Montreal, njia pana iliyonyooka ambayo haina muuza mahindi wala mbuyu, tukalala Kingston. Mama wa mapokezi alituuliza kwa upole tu kama twataka kitanda kimoja au viwili. Nilifungua kinywa, naye akaniwahi: "Viwili." Tukavilipia.

Asubuhi nilitoka bafuni nikamkuta ameinama juu ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia, anakunja shuka zake na kuuponda mto kwa ngumi, ili mfanya usafi akija asijue.