Otilia wa Songea, Ottilie wa Bristol

Kituo cha kulelea watoto ninachofanyia kazi hapa Bristol kina ukuta wa kutundikia makoti, na kila mtoto ana jina lake limebandikwa. Yasome kwa mpigo: Arthur, Elsie, Albert, Mabel, Edith, Stanley, Ottilie. Mtu aliyekulia Songea angedhani ni wazee wa jumuiya ndogondogo wamekuja kusali rozari. Kumbe ni watoto wa miaka mitatu, kamasi zinawachuruzika, wanagombania baiskeli.

Waingereza wameyafufua majina ya mabibi wa bibi zao. Kila mwaka Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa orodha ya majina waliyopewa watoto wa England na Wales, na Arthur, Florence, Ivy na Elsie, ambayo miaka hamsini iliyopita yalikuwa ya vikongwe, leo yamo katika mia ya kwanza. Wazazi wananunua vitabu vya majina na kuchambua maana. Theodore ni Kigiriki, zawadi ya Mungu, yaani Zawadi wetu yule yule. Mabel asili yake Kilatini, mtu wa kupendeka. Edith ni Kiingereza cha kale, limeunganishwa na neno la utajiri na neno la vita, ingawa sijakutana na mzazi aliyelichagua kwa ajili ya hiyo vita.

Lakini Ottilie ndilo lililonikaa rohoni. Linatokana na Odile, mtakatifu wa Alsace wa zama za kale, ambaye masimulizi yanasema alizaliwa kipofu akapata kuona siku ya ubatizo wake. Ndiyo maana wenye maradhi ya macho humwomba. Mzizi wa jina ni Kijerumani cha zamani, wenye maana ya mali. Kwa wazazi wa hapa ni jina jipya, lina mvuto, halijachakaa. Kwetu Ruvuma ni jina la shangazi. Wamisionari Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 walitoka katika shirika la St. Ottilien, kule Bavaria, na mtakatifu wao akaja nao kwenye visima vya ubatizo. Bibi mzaa mama aliitwa Otilia. Shuleni tulikuwa na Otilia wawili darasa moja, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na walimu waliwatofautisha hivyo hivyo.

Nimejiuliza kwa nini jina moja liwe la fahari huku na la kuchekwa kule. Nadhani ni kwa sababu ya namna kila upande unavyoyatunza majina. Kwa Waingereza jina lazima lizikwe kwanza. Mzazi hawezi kumpa mtoto jina la kizazi cha mama mkwe wake, atasema linanuka uzee. Analiacha wenye nalo waishe mmoja mmoja, likae kimya miongo kadhaa, kisha mjukuu wa mjukuu aliokote kama chombo cha shaba kilichosahauliwa stoo. Kwetu jina halikuwa na nafasi ya kuzeeka maana halikupumzika. Wakikuyu wana utaratibu kamili: mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi zao. Sisi wa kusini hatukuwa na ratiba kali namna hiyo, lakini bibi alipata wajina wake akiwa bado analima. Akaja na kuku. Akamwita mtoto "mwenzangu". Na mama wa mtoto, akitaka kumchapa, mkono unasita, maana aliyelala mkekani pale ana jina la mama mkwe.

Mwaka 2023 jina lililoongoza kwa wavulana England na Wales lilikuwa Muhammad, na watu wakaligeuza hoja ya siasa za uhamiaji. Mimi niliona hilo ni jina la kale sana, na halijapata kuitwa la kizamani hata siku moja, kwa kuwa wenyewe hawakuliacha.

Sasa nyumbani. Mtoto wa mjomba wangu ni mjamzito, akaniandikia WhatsApp: dada, wewe uko Ulaya, nitafutie jina la kizungu la kisasa. Nikamtumia Otilia. Jibu likaja la sauti, anacheka hadi anakohoa: "Dada, kwani nazaa bibi?" Yeye alikuwa na Tiffany kichwani. Tiffany! Hilo ni Theophania la Kigiriki, lilipitia Ufaransa na Uingereza ya zama za kati, wakipewa mabinti waliozaliwa karibu na Epifania, tarehe 6 Januari. Lina karne nyingi kuliko hata kanisa la Peramiho. Nimemweleza. Amefurahi, akasema basi paroko hatakuwa na neno.

Pwani nako wana la kwao. Rafiki yangu wa Tanga, tunayeishi naye mtaa mmoja hapa, ananiambia Asha, Fatuma na Hadija yanapungua. Watoto wa siku hizi ni Aisha, Fatima na Khadija. Mwanaisha na Mwajuma ndiyo hayasikiki kabisa. Wanasema wanarudi kwenye Kiarabu sahihi. Sikubaliani. Asha haikukosewa, ilikaa kwa Waswahili mpaka ikawa yao.

Najua nitakachoambiwa: hata Otilia si lako, uliletewa. Kweli. Bibi alikuwa na jina la Kingoni kabla ya maji ya ubatizo, na kwenye cheti halikuandikwa. Hilo linaniuma kuliko Tiffany. Ila jina huwa la mwenye kulivaa. Gertrude ni mkuki na nguvu kwa Kijerumani cha kale, na nikimfikiria Gertrude Mongella akiongoza mkutano wa wanawake Beijing mwaka 1995, sioni Mjerumani yeyote. Filbert maana yake mng'avu sana. Waulizeni waliomwona Filbert Bayi akivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974.

Si kila la kale nalitaka. Shida, Tabu na Mashaka yapumzike. Yalikuwa habari ya siku ile, njaa au msiba, na mtoto akabebeshwa maisha yake yote. Lakini Chausiku, Masika, Subira? Kulwa na Doto wa Usukumani na Shija anayewafuata mapacha? Huku wazazi wangeyalipia hela kwenye vitabu vyao.

Binamu anajifungua mwezi ujao. Tiffany limeingia mashakani kidogo, mume wake sasa anataka Briella. Mama mkwe, ambaye anaitwa Skolastika, bado hajaulizwa.