Nani ni raia Tunduma? Mzigo wa kuthibitisha tumeuweka pasipostahili

Siame, Sichone, Simwinga. Majina haya utayakuta Tunduma, mji wetu wa mpakani, na ukivuka kizuizi utayakuta Nakonde, upande wa Zambia. Wenyewe wanaoana na kuzikana kwa sababu ni ndugu. Ni Wanamwanga, na mstari unaowagawa waliupanga Wajerumani na Waingereza mwaka 1890. Huko Kyela hali ni hiyohiyo kati ya Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga, Malawi, ila mpaka wao ni mto Songwe, na Songwe hautulii. Mvua zikizidi mto unahama mkondo, na shamba lililolala ng'ambo hii linaamkia ng'ambo ile. Tanzania na Malawi zina mradi wa pamoja wa bonde hilo, na kuutuliza mto ni mojawapo ya kazi zake.

Kwa hiyo afisa anayemhoji kijana wa Tunduma, au wa Kasumulu huko mpakani Kyela, aliyekuja kuomba kitambulisho cha taifa cha NIDA hawezi kutegemea jina, lugha wala sura. Inambidi arudi kwenye sheria.

Sheria za uraia duniani hutazama mambo mawili: kitovu chako kilizikwa wapi, na wazazi wako ni nani. Marekani, tangu marekebisho ya 14 ya katiba yake mwaka 1868, aliyezaliwa kwenye ardhi yake ni raia hata kama wazazi ni wageni. Mwaka 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuubana utaratibu huo, ikapingwa mahakamani. Uingereza nayo ilikuwa hivyo, lakini tangu Januari 1983 inataka angalau mzazi mmoja awe raia au mkazi wa kudumu. Ujerumani ilishikilia damu kwa miongo mingi, hadi mwaka 2000 ilipowafungulia mlango watoto wa wageni waliokaa nchini muda mrefu.

Na sisi? Ukisoma kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kama kilivyoandikwa, aliyezaliwa hapa nchini tangu Muungano ni raia, ukiwaondoa watoto wa wanadiplomasia na wachache wengine. Ukifika dirishani, kinachoulizwa ni uraia wa wazazi. Sipingi kuwatazama wazazi, nchi nyingi zinafanya hivyo. Ninachokipinga ni kanuni inayofanya kazi bila kuandikwa waziwazi, kwa sababu mwananchi hawezi kujiandaa kujibu asichokijua.

Serikali ina hoja, na nzito. Raia ndiye anayepiga kura na ndiye mwenye haki ya kumiliki ardhi. Mgeni huruhusiwa kuitumia kwa uwekezaji tu. Tunduma ni lango la njia wanayopita vijana kutoka Pembe ya Afrika kuelekea Afrika Kusini, wengine wakifichwa kwenye malori. Mtendaji asiye mwaminifu akigonga muhuri kwenye barua moja, mgeni wa jana anaanza safari ya kuwa raia. Wala huwezi kusema nchi hii ina roho ndogo: wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, waliokuwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba na kupewa. Ni mataifa machache yaliyowahi kufanya jambo kubwa hivyo.

Lakini tazama anayeshikwa na wavu huu. Ni kijana aliyezaliwa mikononi mwa mkunga wa kijijini, akasoma shule ya msingi hapohapo, ana cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji. Anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha baba. Baba ni marehemu, na hakuwahi kuwa nacho. Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana akaunti ya pesa ya kuuzia mahindi yake. Mgeni mwenye hela ataipata karatasi. Maskini mzawa ndiye atakayeikosa.

Wala si maskini peke yao. Kenneth Kaunda aliiongoza Zambia miaka 27. Alizaliwa Chinsali, kwenye barabara hiihii inayoshuka kutoka Tunduma. Kwa kuwa wazazi wake walitokea Nyasaland, Malawi ya leo, mwaka 1999 Mahakama Kuu ilitamka kuwa hana uraia wa nchi yoyote. Baadaye alirudishiwa, lakini kama mwasisi wa taifa aliweza kutikiswa hivyo, mkulima wa Momba atasimama na nini?

Mjadala wetu mkubwa umekuwa uraia pacha, yaani wa nchi mbili, kwa ndugu walioko ughaibuni. Zambia imeuruhusu tangu 2016, Malawi nayo imelegeza, sisi bado tunamtaka mtu achague akifikisha miaka 18. Ni mjadala halali, ila unawahusu watu ambao uraia wao wa kwanza hauna shaka.

Kwangu suala zito ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kesi ya mtu aliyenyang'anywa pasipoti ya Tanzania na kufukuzwa nchini. Ilisema Serikali ikiutilia shaka uraia ambao nyaraka zake yenyewe ziliutambua, ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Naikubali kabisa. Kwa anayeomba tajnisi, mzigo ubaki kwake. Kwa aliyeandikishwa shule, kliniki na daftari la wapiga kura na vyombo vyetu wenyewe, uhamie kwa afisa, na akikataa aandike sababu.

Kwa sasa kifungu cha 23 cha sheria ile kinasema uamuzi wa Waziri juu ya maombi ni wa mwisho, hauhojiwi mahakamani, wala halazimiki kutoa sababu. Mahakama ile ya Arusha iliagiza Tanzania irekebishe sheria yake ili anayebishaniwa uraia awe na mahali pa kwenda kudai. Wabunge wa mikoa ya Songwe, Mbeya na Rukwa ndio wenye wapiga kura wanaoumia zaidi, na ningependa kuwasikia wakiisimamia hoja hiyo bungeni.